Tundu la Feni na Ukurasa wa Shukrani

Jumapili, 2 Juni

Kompyuta imezima tena. Mara ya tatu leo! Binti yangu anaandika, anaandika, dakika ishirini haziishi, kioo kinakuwa cheusi. Anakunja mikono, anasubiri ipoe, anaiwasha upya. Mimi ndiye ninayetukana. Lazima awepo mtu wa kutukana katika nyumba hii.

Tasnifu yake inatakiwa chuoni Ijumaa ya tarehe 14, saa nne kamili asubuhi. Ikichelewa, anarudia mwaka. Mwaka mzima! Kwa sababu ya boksi la bati lisilovumilia joto kidogo.

Lakini si hilo lililonichefua. Alipokwenda kuoga nilisogea nisome. Baba ana haki ya kusoma. Ni habari za kuvuna maji ya mvua kwenye mapaa ya shule, mifereji, matangi, mambo ya maana. Nikarudi ukurasa wa mbele kabisa. Shukrani. Nanukuu: "Namshukuru mjomba wangu kwa msaada wake wa kitaalamu." Sentensi nzima, peke yake, imejinyoosha. Chini yake: "Nawashukuru pia wazazi wangu."

Pia! Tena wazazi! Yaani mimi ni nusu ya neno, na nusu nyingine ni ya mama yake. Nimemlea miaka ishirini na mitatu, nimembeba mgongoni akiwa na surua, nimepata nusu ya neno.

Huyo mjomba ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Fundi wa friji. Ukoo mzima unamwita Mhandisi. Mhandisi wa nini? Anajaza gesi, anagonga friji ubavuni, linanguruma, watu wanapiga makofi. Kitabu cha binti yangu kitawekewa jalada jeusi, kitakaa maktaba ya chuo miaka nenda miaka rudi. Watakaokifungua watamkuta fundi friji. Mimi hawatanikuta popote.

Jioni Mhandisi kapiga simu. Mke wangu akamweleza kwamba kompyuta inazima. Akasema asiiguse mtu, atakuja Jumapili ijayo aitazame. Asiiguse mtu! Ndani ya nyumba yangu!

Nimeamua. Joto linataka njia ya kutokea, basi. Nitatoboa tundu ubavuni mwa boksi, nifunge feni kubwa. Kazi iishe kabla ya Jumapili. Mhandisi akija akute upepo unavuma na ukurasa wa Shukrani umeandikwa upya.

Jumatatu, 3 Juni

Feni nimepata. Lakini mateso niliyopata kwa ajili yake!

Kwenye stoo yetu ya kiwanda cha magodoro kuna kompyuta mfu imekaa konani tangu sijaota mvi. Ina feni pana kama kisahani. Nimetoa bisibisi, nimefungua skrubu mbili, nikahisi mtu nyuma yangu. Mkuu wangu. Sisi humwita Mzee wa Sahihi, kwa sababu hata takataka haitoki stoo bila sahihi yake. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia naipunguzia kampuni uchafu. Akanipa fomu.

Fomu ina sehemu ya "sababu ya kuomba". Nikaandika: elimu. Akairudisha, akasema sababu ni fupi mno. Nikaandika mistari mitano. Akairudisha, akasema hakuuliza historia ya maisha yangu. Ya tatu ndiyo akatia sahihi. Halafu akauliza kama nimewahi kufungua kompyuta. Nikamjibu kwamba kufungua ni skrubu tu. Akanitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye kiti chake.

Simpendi mtu wa kutazama namna ile. Kama una neno, sema.

Jumanne, 4 Juni

Vifaa nilivyonavyo: bisibisi mbili, nyundo, tindo, msasa, keekee ya mkono niliyorithi kwa baba, na tupa iliyokwisha meno. Nikaenda duka la vifaa kununua tupa mpya. Muuzaji akataka kujua ni ya kazi gani. Kosa langu ni kumwambia. Akawaita waliokaa kwenye benchi nje waje wasikie: mzee anataka kukata kompyuta kwa tupa! Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nikanunua tupa mbili kwa hasira.

Tatizo moja lilikuwa bado. Nitajuaje tundu likae wapi hasa? Feni lazima ielekee prosesa, ndipo joto lilipo. Nikikosea hata vidole vitatu, nimekwisha. Hapo nikapata wazo la kijanja. Mke wangu ni fundi cherehani! Kila siku anaweka mfuko kwenye shati, na mfuko unakaa unapotakiwa.

Sikumwambia ni ya nini. Angempigia mdogo wake simu papo hapo. Nikamkuta cherehani inaunguruma, pini nne mdomoni, sare za shule zimemzunguka pande zote. Nikauliza, kama mtu anayepiga soga tu, fundi hufanyaje akitaka kuweka alama ya mfuko. Akasema, bila kuinua macho, unakata karatasi ya vipimo, unailaza juu ya kitambaa, unachora kwa chaki upande wa ndani ili nje pasichafuke. Akaniambia nisogee kando, namzibia mwanga.

Nikaondoka na kipande cha chaki mfukoni. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hatimaye ushauri wa kufaa.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi imeanza. Nimeomba ruhusa nusu siku. Fomu nyingine!

Binti yuko chuoni, mke wangu kaenda kupeleka sare. Nimefungua bati la ubavuni. Nimetandaza gazeti juu ya ubavu ulio wazi, nikalikata lilingane sawasawa na bati. Nikapapasa prosesa ilipo, nikaizungushia kifuniko cha bakuli, nikakata duara safi kabisa. Nikalaza bati chini, upande wa ndani juu, gazeti juu yake, nikachora kwa chaki. Rangi ya nje haikupata hata doa. Nikajipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Halafu kutoboa. Keekee ya mkono ni adui wa binadamu. Matundu madogo kuzunguka duara, moja baada ya jingine, bati linateleza, nalishikilia kwa goti, keekee inaruka inaniuma kidole gumba. Matundu arobaini na mawili! Bega limekufa. Baada ya hapo tindo na nyundo kukata bati lililobaki kati ya matundu. Jirani wa ukutani akagonga, akauliza kwa ukali kama nabomoa nyumba. Nikamwambia najenga. Akasema basi nijenge kimyakimya. Jitu zima linataka bati likatwe kimyakimya!

Binti akarudi kabla sijamaliza. Akaikuta kompyuta iko wazi ubavu mmoja, utumbo wote nje. Akauliza bati liko wapi. Nikamwambia liko kwenye matengenezo, asiwe na haraka. Akaiwasha hivyohivyo. Ikakaa saa nzima na nusu bila kuzima! Akafurahi, akasema baba, kumbe dawa ni hii, iache wazi tu mpaka nimalize.

Iache wazi! Nilikuwa na damu kidoleni na vumbi la chuma mpaka masikioni, naambiwa dawa ni kutofanya kitu. Kwani mtu akisikia joto anatembea uchi? Nimetoka nje kupiga tupa.

Ijumaa, 7 Juni

Siku nzima amekaa kwenye kompyuta iliyo wazi. Kamaliza sura ya tano yote, ile ya mwisho yenye matokeo. Chakula cha mchana kala amesimama, anacheka peke yake. Sijamwona na furaha hivyo tangu aanze chuo.

Akaniomba jambo moja. Flashi yake iko kwa mjomba, ambaye anamchapia michoro ya matangi. (Hata michoro! Huyu mtu hajui kushiba.) Kesho ataifuata, atahifadhi sura ya tano, baada ya hapo naweza kufunga bati langu nitakavyo. Mpaka hapo, tafadhali baba, nisiiguse.

Nikamwambia hakuna shida. Niliyasema hayo nikipiga msasa ukingo wa tundu. Tundu limetoka zuri sana.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui niandikeje.

Aliondoka saa tatu asubuhi kwenda kwa mjomba. Nikapiga hesabu: kwenda na kurudi, saa mbili. Akirudi akute kila kitu tayari, feni inavuma, kompyuta baridi. Ningesimama kando nimeegemea ukuta, nisiseme kitu. Ndiyo picha niliyokuwa nayo kichwani.

Nikafunga feni kwenye bati kwa skrubu nne ndefu. Nikachomeka waya wake. Nikarudisha bati mahali pake. Halikukaa. Limebaki wazi kwa nyuma, upana wa vidole viwili. Nikasukuma. Wapi! Kuna kitu ndani kilikuwa kinakinza. Mtu mwingine angelitoa bati akachungulia. Mimi nilikuwa nimetoboa matundu arobaini na mawili kwa mkono, sikuwa tayari kubishana na boksi. Nikalilaza chini. Nikaliwekea goti.

Likalia ka! Bati likaingia. Nikajiambia ni sauti ya bati tu.

Nikawasha. Feni ikaanza kuunguruma, upepo ukapeperusha karatasi zote mezani, nikapiga kelele kwa furaha. Kisha nikatazama kioo. Mstari mmoja mweupe. Unasema diski haionekani.

Nikazima, nikawasha. Mstari uleule. Nikalipiga boksi kofi. Mstari uleule! Nikatoa bati, nikaona. Tundu langu halikuwa mbele ya prosesa. Lilikuwa upande wa pili kabisa, mbele ya diski. Feni nzima imesimama juu ya diski, na kile kidomo kinamoingia waya kimevunjika, kinaning'inia. Sikuelewa. Nilipima! Nilipima kwa kifuniko cha bakuli!

Akaingia hapo hapo, flashi mkononi. Kaniona nimepiga magoti. Akakaa kwenye kiti chake polepole, akabonyeza kitufe mara nne. Akauliza kwa sauti ndogo kama sura ya tano imo humo ndani. Nikamwambia imo, ila haitoki.

Angenifokea ningejua la kujibu. Nina majibu ya kila aina. Hakufoka. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kiganja, akashika flashi yake kifuani, akaenda chumbani akafunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: niliogopa sana.

Mke wangu ndiye aliyefoka, kwa niaba ya wote.

Jumapili, 9 Juni

Mhandisi kaja na kiboksi chake cha vifaa, kavaa shati jeupe. Nani anavaa shati jeupe kutengeneza kompyuta? Mtu anayejua hatachafuka. Nimemchukia kuanzia mlangoni.

Akatazama tundu. Akatazama bati. Akaligeuza, akaona chaki upande wa ndani. Akaniuliza kwa upole, shemeji, hii ulichora vipi? Nikaeleza: gazeti, bakuli, chaki ndani ili nje pasichafuke, utaratibu wa dada yake mwenyewe. Nilitaka lawama ifike kwenye familia yao.

Mke wangu akaacha kushona. Akauliza kama nilipolaza karatasi upande wa ndani niliigeuza. Nikamuuliza niigeuze kwa nini. Akaweka mkasi chini. Akasema ukichora upande wa ndani lazima karatasi uigeuze, la sivyo kila kitu kinahamia upande wa pili, anayejifunza cherehani huambiwa hivyo wiki ya kwanza. "Baba Profesa," akaniambia, "umeishonea kompyuta mikono miwili ya kushoto!" Wakacheka. Ndugu wawili, wameegemeana, wanafuta machozi. Nikawauliza kama ni haki kumpa mtu nusu ya maagizo halafu kumcheka. Wakaongeza.

Halafu likaja la kunimaliza. Mhandisi akachukua kibano kidogo, akaingiza kwenye kile kifeni cha juu ya prosesa, akavuta. Ukatoka uzi. Uzi wa cherehani! Mwekundu, wa bluu, mweupe, umejisokota na pamba na vumbi, donge zima kama kiota cha panya. Akasema ndiyo sababu ya joto, feni ilikuwa haizunguki. Kazi hiyo ilimchukua dakika tano. Shati bado jeupe.

Kwa hiyo kosa ni la cherehani! Nilisema hivyo. Nilisema wazi kwamba siku zote tunaishi na mashine inayotema nyuzi, na hakuna aliyeishtaki.

Kuhusu diski, akasema kuna mtu anaweza kutoa yaliyomo ndani, ila si kabla ya wiki mbili. Binti akasema sura nne za kwanza anazo. Nikashangaa, nikauliza wapi. Akatoa flashi ndani ya blauzi, imefungwa kwa kamba shingoni. Na nakala nyingine iko kwa mjomba. Tangu lini? Tangu mwaka jana, baba ulipotengeneza redio.

Mwaka mzima! Binti yangu anatembea na flashi shingoni kama hirizi, na hirizi yenyewe ni ya kujikinga na mimi! Ile redio iliungua yenyewe. Nimesema mara ngapi?

Sura ya tano ndiyo iliyokwenda. Zimebaki siku tano. Mjomba kamwazima kompyuta mpakato yake. Bila shaka! Ana kila kitu huyu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepigwa marufuku. Nisisogelee meza. Mke wangu kachora mstari sakafuni kwa chaki, chaki ileile. Wananichukulia kama mbuzi.

Binti anaandika upya kutoka kwenye daftari lake la utafiti. Mwandiko mdogo, mistari imebanana, mishale kila mahali. Anainama kwenye daftari, anainua kichwa, anaandika maneno matano, anapoteza mstari, anatafuta. Kurasa thelathini na moja. Kufikia jioni kafika ya sita. Nimehesabu kutoka ng'ambo ya mstari. Hawezi kumaliza. Hakuna anayelisema, lakini sote tunaliona.

Kazini Mzee wa Sahihi kauliza elimu inaendeleaje. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 12 Juni

Tangu jana mke wangu alikuwa akimsomea binti, naye anachapa, mambo yakawa yanakwenda. Lakini shule inataka sare zake kesho, cherehani haiwezi kusubiri. Wakatazamana. Hawakunitazama mimi. Hilo liliniudhi kuliko mstari wa chaki.

Nikasema nitasoma mimi. Nikasema sitagusa kitu, nitashika daftari tu, na kama wanataka wanifunge mkono mmoja. Binti akanitazama, akaniambia njoo baba, kaa hapa.

Basi nimekaa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kazini nimetuma fomu. Nimesoma. Kusoma si kazi, mimi miaka kumi na tisa nasoma orodha za stoo: springi ndogo, springi kubwa, vitambaa, gundi. Namba sikosei hata moja. Nilisoma lita, mita, asilimia, jina la kila shule, idadi ya matangi, yaliyovuja na yasiyovuja. Mwandiko ule mbaya kwangu si kitu, Mzee wa Sahihi anaandika vibaya zaidi. Ukurasa wa kumi na saba nikamsimamisha, nikamwambia jumla yake haikubaliani na ukurasa wa tisa. Akabisha, nikabisha, akapiga hesabu. Ilikuwa kweli! Akasema baba, hii ingeniangusha.

Sawa, sawa, endelea, nikamwambia. Sauti ilikauka saa nane. Mke wangu akaleta maji, nikanywa, nikaendelea. Saa kumi tukafika ukurasa wa mwisho. Binti akalaza kichwa begani kwangu, akakaa hivyo muda. Bega lenyewe ni lile la keekee, liliniuma sana, sikulisogeza.

Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Siku nzima imekwenda kwa kusoma, na feni yangu iko sakafuni imefungwa kwenye mfuko.

Ijumaa, 14 Juni

Kafikisha! Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Kapiga simu kutoka chuoni analia na kucheka pamoja. Mhandisi ndiye aliyempeleka, kwa gari lake la friji. Mke wangu akakaa chini, mkono kifuani, akasema ahsante, ahsante. Sikuuliza anamshukuru nani.

Nikauliza swali moja tu: je, ukurasa wa Shukrani kaubadilisha? Mke wangu akasema hajui, na akauliza kama hilo ndilo lililonishughulisha wiki mbili hizi. Nikakana.

Jumamosi nzima sitaongea na mtu.

Alhamisi, 27 Juni

Kitabu kimekuja. Jalada jeusi, herufi za dhahabu. Kafaulu, na msimamizi wake kasema sura ya tano ndiyo iliyomfurahisha. Kaniletea mimi kwanza, kabla ya mama yake, kabla ya mjomba. Kanikabidhi kwa mikono miwili, akasimama pale akisubiri.

Nikaruka moja kwa moja Shukrani. Mjomba yumo. Maneno yaleyale manane, msaada wa kitaalamu. Mama yake yumo, peke yake sasa. Halafu mwisho, chini kabisa:

"Kwa baba yangu, aliyekaa kando yangu saa sita akinisomea daftari langu mpaka sauti ikamkauka, na asiinuke."

Nikasoma mara mbili. Nikageuza ukurasa, labda kuna zaidi. Hakuna.

Kusoma! Kanishukuru kwa kusoma! Hata redio inasoma! Matundu arobaini na mawili hayakutajwa. Feni haikutajwa. Kidole gumba, ambacho mpaka leo hakikunjiki vizuri, hakikutajwa. Miaka mia ijayo mtu atafungua kitabu hiki maktaba, atajua kwamba baba wa mwandishi alijua kusoma na alikaa kitini. Mjomba ana utaalamu, mimi nina sauti!

Machozi yakanitoka. Ya hasira. Binti akanikumbatia, akadhani mengine, nikamwacha adhani, si siku ya kugombana. Mke wangu naye akaja na macho mekundu. Wanawake wa nyumba hii hawaelewi hasira ya mwanamume.

Nimekaa nimefikiri. Kosa halikuwa feni. Kosa lilikuwa boksi, lile la zamani halikutengenezwa kwa ajili ya maendeleo. Na maagizo ya cherehani nimeshayaelewa sasa: karatasi inageuzwa. Kama ningeambiwa tangu mwanzo, leo tungekuwa tunasoma ukurasa mwingine.

Binti kaenda kwa rafiki zake kusherehekea, mpaka Jumapili. Ile kompyuta mpakato ya Mhandisi kaiacha mezani, humo anaandika barua zake za kuomba kazi, na ya kwanza inatakiwa Jumatatu. Nimeiwasha tu kuona. Nimeigusa chini. Ina joto, na vijitundu walivyoiwekea havipitishi hata njiti ya kiberiti.